Matete ya bwawani muyaache jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu majuzi kwamba bustani ya umma yenye mabwawa imegeuka pori, kwamba matete yamezidi, majani makavu yamelundikana chini ya miti, kuna mti umekauka na bado umesimama tu hakuna anayejali, na dawa yake eti ni kufyeka kila kitu, kujengea zege kingo za mabwawa, kupanda nyasi fupi na mitende, na pembeni ya maji uwekwe mgahawa wa vioo ili watu wapate sehemu nzuri ya kupigia picha. Simtukani, mtu akipita mara moja na haraka zake kweli ataona pori. Ila sisi tunaoingia humo alfajiri na darubini shingoni tunaona kitu kingine kabisa, na naogopa wasimamizi wa bustani wakisoma barua kama ile watadhani ndo maoni ya watu wote, alafu kesho unasikia mkandarasi kashashusha mifuko ya simenti.

Hoja yangu ni moja tu, hicho anachokiita uchafu ndo chakula na nyumba ya ndege, ukikiondoa unabaki na maji na nyasi na ndege hana cha kumleta pale.

Tuanze na ukingo wa bwawa mana hapo ndo penye ugomvi. Watu wengi wakisikia ndege wa majini wanafikiri maji yakiwepo basi ndege watakuja, hapana, ndege hatumii bwawa zima, kila mmoja ana kina chake. Bata wale wanaokula kwa kuinamisha kichwa majini na kubinua mkia juu hawazamii, wanafika pale tu shingo inapofika, kwa hiyo wanataka maji mafupi, sentimita 30 hivi na kidogo zaidi, zaidi ya hapo chakula kiko chini wanakiona hawakifikii. Korongo na yangeyange wanatembea kwa miguu, nao wanataka maji ya kina cha miguu yao. Vile vindege vya miguu membamba vinavyokimbia kimbia na kudonoa tope haviingii majini kabisa, vinataka pale maji yanapoishia ardhi inapoanza, ule mstari wenyewe. Kibisi na mnandi ndo wazamiaji, wao ndo wanafurahia kina kirefu. Sasa ukingo wa asili unashuka taratibu kwa hiyo wote hao wanapata sehemu yao kwenye bwawa hilohilo moja, lakini ukishasimamisha ukuta wa zege maji yanaanza marefu palepale, na kwa kazi ya wiki chache umewafukuza karibu wote ukabakiza mnandi anaanika mabawa juu ya ukuta. (Kwa wasiojua, anayaanika kweli, manyoya yake yanalowa kuliko ya bata, ndo mana akitoka kuzamia anasimama vile kachanua mabawa.)

Na tope hilo tunalolidharau, mbayuwayu wengi wanajengea viota. Anakuja ukingoni anachukua donge dogo mdomoni anaondoka, anarudi tena, mpaka kiota kinaisha, sasa ukishamwaga zege ukingo mzima tope atalitoa wapi. Mdiria ndo kabisa, wengi wao wanachimba shimo kwenye ukingo wa udongo uliosimama wima na kutagia humo ndani, alafu anahitaji tawi linaloning'inia juu ya maji akae achungulie samaki. Ukingo wa udongo umepigwa plasta, tawi limekatwa kwa sababu linaharibu mandhari, alafu tunaulizana wale ndege wa bluu waliokuwa wanaruka hapa wamekwenda wapi.

Matete nayo. Kibisi miguu yake iko nyuma sana ya mwili, kwa kuogelea ni bingwa ila nchi kavu anatembea kwa shida, kwa hiyo kiota chake anakijenga kikielea juu ya maji na kukifunga kwenye matete au mimea ya majini kisichukuliwe na upepo. Kukuziwa naye humohumo. Kwera na mnana wanasuka viota vyao kwenye matete na kwenye matawi yaliyoinama juu ya maji, sehemu ambayo paka hafiki. Na pale penye yungiyungi utamkuta yule ndege wa vidole virefu kupita kiasi anayetembea juu ya majani bila kuzama, ambaye kwa aina nyingi zake dume ndo anaatamia mayai na kulea watoto, jike kashaenda kwa dume mwingine, wababa msije mkanikasirikia mimi naripoti tu. Ukitaka kumuona yeyote kati ya hawa usizunguke zunguke, kaa mahali pamoja mbele ya matete, kimya, hata dakika 20, kwanza hutaona kitu, baadae jani moja linatikisika wakati hakuna upepo, hapohapo inua darubini.

Mimea ya nchi kavu nayo ina hadithi yake. Bustani nzuri kwa ndege ina ghorofa, juu kabisa miti mirefu ambako mwewe anajenga, katikati miti ya kawaida, chini yake vichaka, na chini kabisa majani makavu. Kila ghorofa ina wapangaji wake. Mkuyu ukizaa njoo uone, ninga, hondohondo, shore, kwenzi, wote wamo wanagombana, mti mmoja unakupa asubuhi nzima. Maua ya rangi kali yenye mrija yanamleta chozi. Yale majani makavu chini, ambayo mwenzangu anataka yazolewe kila siku, yana wadudu na minyoo, na kuna ndege kazi yao ni kuyapindua jani moja baada ya jingine, wanapiga kelele mpaka unadhani ni mnyama mkubwa anakuja. Nyasi fupi tupu kwa ndege ni kama hoteli yenye mapokezi mazuri lakini haina jiko wala vyumba, utawaona njiwa na shomoro wawili watatu basi.

Hapo kwenye wadudu naomba nikae kidogo kwa sababu ndo pasipoeleweka. Hata ndege wengi wanaokula mbegu wakiwa wakubwa, makinda yao wanayalisha wadudu, hasa viwavi, ni laini na wana mafuta na protini. Profesa Douglas Tallamy wa chuo kikuu cha Delaware kule Marekani amefuatilia sana jambo hili, na hesabu anayoitoa ni kwamba jozi moja ya kindege kidogo kinaitwa chickadee inahitaji viwavi 6,000 mpaka 9,000 kukuza makinda ya kiota kimoja tu. Kiota kimoja! Na viwavi wengi hawali kila jani, wamezoea mimea ya asili ya sehemu ile, mti ulioletwa kutoka bara jingine kwao ni plastiki tu. Yeye na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2018 uliofanyika kwenye makazi ya watu eneo la Washington D.C., wakaona pale mimea ya asili ilipokuwa chini ya asilimia 70 hao ndege hawakuweza kuzaa watoto wa kutosha kujaza nafasi ya wanaokufa. Sisemi tung'oe kila mti wa kigeni, kuna ya kigeni mizuri tu yenye matunda na maua na ndege wanaitumia, ila ukifyeka vya asili vyote ukaweka mitende na uzio wa mimea wa kukatwa kwa mkasi, alafu ukapulizia na dawa ya wadudu juu yake, usitegemee muujiza.

Mti mkavu. Huu ndo uliomuudhi mwenzangu kuliko vyote na mimi ndo naupenda kuliko vyote. Kigogota anatoboa shimo kwenye mbao iliyokufa, anazalia, akimaliza anaondoka, alafu shimo lile linagombaniwa na kwenzi, bundi wadogo, na ndege wengine wengi wasio na mdomo wa kutoboa wenyewe. Bila mti mkavu hao wote wanakosa pa kulala. Najua kuna suala la usalama, tawi likimuangukia mtoto hakuna atakayetaka kusikia habari za bundi, sawa, basi kata matawi yaliyo juu ya njia na juu ya mabenchi, fupisha shina libaki mita tatu nne hivi, liache limesimama. Watunza miti wanaojua kazi yao wanafanya hivyo sehemu nyingi tu.

Sasa najua mtasema hii ni ndoto ya wapenda ndege, mji unataka kitu cha kisasa. Haya tuangalie hao wa kisasa. Singapore, mji ambao kwa usafi hakuna anayebishana nao, walikuwa na mto Kallang unapita kwenye mfereji wa zege ulionyooka wa kilomita 2.7 pembeni ya bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Wakauvunja ule mfereji! Wakaurudisha kuwa mto wenye kona kona wa kilomita 3.2 ndani ya bustani ya hekta 62, kingo zikashikiliwa na mimea na mawe, ikafunguliwa mwaka 2012, na mvua kubwa ikinyesha maji yanapanda taratibu kwenye nyasi badala ya kupita kwa kasi mferejini. Ndege wakaja, na fisimaji pia. London nao walikuwa na mabwawa manne ya maji ya mji ya enzi za malkia Victoria, yamejengewa, yakawa hayahitajiki tena, hawakuyapaka rangi, waliyabadilisha kuwa madimbwi, matete na visiwa, zaidi ya hekta 40, yakafunguliwa mwaka 2000 kwa jina la London Wetland Centre na leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuangalia ndege mjini. Yaani wenzetu wanalipa hela kuondoa zege, sisi tunataka kulipa hela kuliweka.

Alafu kuna hii ya kusema pori maana yake bustani imetelekezwa. Central Park ya New York, hekta 341, karibu kila unachokiona pale kilitengenezwa na watu, maziwa yalichimbwa, miti ikapandwa, kwa mpango wa wabunifu wake Olmsted na Vaux wa mwaka 1858. Na ndani ya mpango huohuo wakaweka eneo linaitwa Ramble, vichaka, mawe, kijito, vinjia vya kupotezana, lionekane kama msitu kwa makusudi kabisa, na ndo hapohapo wapenda ndege wanajazana kila majira ya kuhama, bustani nzima imerekodiwa aina zaidi ya 200. Sababu ni kwamba ndege wengi wadogo wanahama usiku, kunapopambazuka wamechoka na chini yao ni mapaa na lami, wakiona doa la kijani wanashuka wote humo, kwa hiyo bustani ya mjini inaweza kuwa na ndege wengi waliobanana kuliko msitu mkubwa huko nje. Lakini wanashuka kutafuta wadudu na pa kujificha, mitende mitano kwenye kapeti la nyasi haiwasaidii.

Nikirudi kwenye mgahawa wa vioo, jamani hapana. Kioo kinaakisi miti na mbingu, ndege anaona njia, anaingia nayo kwa kasi yote. Mwezi Oktoba 2023 kule Chicago kwenye jengo moja la mikutano la McCormick Place lililo karibu na ziwa waliokotwa ndege karibu 1,000 waliokufa kwa usiku mmoja, mwaka uliofuata wakabandika alama za vidoti kwenye vioo na vifo vikapungua sana. Kama mgahawa lazima uwepo basi uwekwe mbali na maji na vioo viwe na vidoti tangu siku ya kwanza.

Hoja za mwenzangu zenye uzito ni mbu na usalama, na hizo sizikwepi. Mbu ni kweli, matete yakishonana sana samaki hawafiki ndani na viluwiluwi wa mbu wanapata pa kujificha. Dawa yake ni kuyakata kwa zamu, mwaka huu theluthi moja, mwakani nyingine, wakati ambao sio wa kuzaliana, na kuacha maji ya wazi samaki na watoto wa kereng'ende wapite wafanye kazi yao, mana hao wanakula viluwiluwi kwelikweli. Ukipuliza sumu unaua kereng'ende pamoja na mbu, ila mbu ndo anayewahi kurudi. Usalama nao, hakuna mwanamke anayetaka kupita kwenye njia yenye vichaka pande zote jioni na mimi simlazimishi, kwa hiyo pembeni ya njia paachwe wazi mita kadhaa watu waonane, vichaka viwekwe ng'ambo ya bwawa na kwenye visiwa, ambako hata mbwa hawafiki. Hili linawezekana kwenye bustani yoyote ni suala la kukaa na ramani tu.

Kama ni usafi mimi mwenyewe nina orodha. Nyuzi za kuvulia zilizoachwa matawini zinawanyonga ndege, hizo ziondolewe leo. Mifuko na chupa. Mikate inayomwagwa majini kwa magunia na watu wenye nia njema, bata hawafaidiki nayo, inayobaki inaoza inachafua maji na inawabananisha ndege sehemu moja mpaka wanaambukizana magonjwa. Sumu ya panya pia, tena hii nawaomba wasimamizi waitafakari sana, yule bundi mkubwa Flaco aliyetoroka kwenye zoo ya Central Park Februari 2023 akawa anaishi mjini na kupendwa na kila mtu, alikutwa amekufa Februari 2024 baada ya kugonga jengo, na walipompima wakakuta mwilini sumu za panya za aina nne pamoja na virusi vya njiwa. Bundi anakula panya bure usiku kucha, tunamlipa kwa sumu. Na wapiga picha wenzangu mnaocheza sauti za ndege kwenye spika ili wajitokeze, hasa wakiwa kwenye viota, mnajijua, acheni.

Kwa yule anayetaka kujaribu hii starehe, vifaa sio vingi. Darubini ya 8x42 inatosha sana, hiyo 8 ni mara inazokuza na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ukienda kwenye 10 inakuza zaidi lakini mkono ukitetemeka kidogo picha yote inacheza. Nenda mapema, saa mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza ndo zenye uhai, mchana wanapumzika kivulini. Kwenye simu weka programu ya Merlin, ya bure, ya maabara ya ndege ya chuo kikuu cha Cornell, inasikiliza sauti na kukupendekezea jina, ila usiiamini kama polisi, mtafute ndege kwa macho ndo uandike. Orodha yako iingize kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, ipo tangu 2002, na humo mtu yeyote anaweza kuona ni aina gani zimeonekana wapi na lini.

Hapo kwenye orodha ndipo ombi langu lilipo. Kabla msimamizi yeyote hajasaini mkataba wa kujengea kingo au kufyeka vichaka, ndege wahesabiwe kwanza kwa mwaka mzima, sio asubuhi moja, mana wahamiaji wanakuja kwa msimu na ukihesabu wakati hawapo utasema bwawa halina kitu. Wapenda ndege wako tayari kuifanya bila malipo, sisi hata tukikatazwa tunahesabu. Na kama bajeti ya zege ilishapita na haiwezi kurudi, basi inunulie mapipa ya taka yenye vifuniko ambavyo kunguru hawezi kuvifungua, ilipe vijana wa kukata matete kwa zamu, ijengwe na kibanda kimoja cha mbao chenye tundu za kuchungulia kwenye ule upande wa bwawa wenye tope. Mwenzangu aliyeandika ile barua nafasi yake kwenye benchi humo ndani ipo, aje na viatu asivyovipenda.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenda ndege